Kamera isiyolala: fyuzi, waya na haki ya dereva kwenye njia ya Rusumo

Lori lenye mzigo wa Kigali au Bujumbura huwa limeacha nyuma zaidi ya kilomita 1,100 tangu bandari ya Dar es Salaam kabla halijagusa ardhi ya Biharamulo. Limepita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, limepanda mizani si mara moja. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo zimebaki kilomita 92, na ni huku Biharamulo ndiko iliko Nemba. Dereva akikutwa na giza katika nchi hii hana haraka tena. Anatafuta mahali penye taa na watu, anazima injini, anavuta pazia la kebini. Muda huohuo, kwenye kioo cha mbele, kamera aliyofungiwa na tajiri wake nayo inazimika.

Hapo ndipo penye kasoro. Kamera nyingi za malori hupata umeme kwenye soketi ya kiberiti cha sigara pale dashibodini, na kwenye magari mengi soketi hiyo huishi na kufa na ufunguo. Ufunguo ukizimwa, kamera imefumba jicho. Sasa jiulize ni lini hasa lori linahitaji shahidi. Likitembea, naam: bodaboda anayekatiza bila taa, basi linalolipita lori kwenye kona. Lakini visa vingine vingi hutokea gari likiwa limeegeshwa. Lori jirani linarudi nyuma usiku, linavunja kioo cha pembeni, kisha linaondoka saa kumi alfajiri. Mtu anapanda bampa akiwa na kisu cha kukatia turubai. Asubuhi dereva anaamka na hasara, na swali la kwanza la tajiri kwenye simu ni wewe ulikuwa wapi.

Dawa yake inajulikana na haina gharama ya kutisha: kuachana na soketi, kuifunga kamera kwenye boksi la fyuzi ili ipate umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Fundi umeme wa magari anayejua anachofanya huimaliza kazi hiyo kabla jua halijawa kali. Ila ndani ya kazi hiyo ndogo yamo maamuzi ambayo yakikosewa lori litagoma kuwaka alfajiri, au litaungua. Na limo moja ambalo si la fundi wala si la tajiri peke yake. Hilo nitalifikia.

Kwanza barabara yenyewe. Mtu anayeifahamu kwa miaka mingi hahitaji kuelezwa kwa nini dereva wa huku hulala jicho moja. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi kubwa iliyowapokea Ngara, Benaco, ilibeba jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara. Miaka iliyofuata, silaha zilizovuka mpaka kutokana na vita vya majirani ziliishia mikononi mwa majambazi wa misituni, na ikawa kawaida mabasi na malori ya Kagera na Kigoma kukusanyika na kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwaka 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wenye silaha haramu na wageni wasio na vibali wiki mbili, ikafuata Operesheni Kimbunga. Operesheni hiyo iliacha malalamiko yake kuhusu haki za watu, nayo yanastahili makala yake.

Leo njia imetulia sana. Rusumo ina daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame. Hofu iliyobaki ni ya wizi wa kimyakimya: dizeli, betri, tairi la akiba, maboksi mawili matatu ya mzigo. Jambazi mwenye bunduki haijali kamera. Mwizi wa dumu na mpira wa kunyonyea anaijali.

Na mtu asidhani lori la mzigo wa nje linasafiri bila kuangaliwa. Mamlaka ya Mapato ina mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia shehena, na lakiri iliyofungwa kwenye kontena hutoa taarifa ikiguswa. Tajiri naye ana GPS yake. Nyakanazi kuna kituo cha ukaguzi wa pamoja, Nyakahura kuna mizani, na sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote. Vyombo hivi vinajua lori liko wapi, lina uzito gani na linakwenda kasi gani. Hakuna hata kimoja kinachojua kilichotokea mbele ya kioo. Vimewekwa vimchunge dereva. Kamera ya dashibodi ndiyo pekee inayoweza pia kumtetea, na ndiyo sababu naona inafaa ifungwe kwa akili kuliko inavyofungwa sasa.

Dunia ilizifahamu kamera hizi kwa kishindo tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipopasuka angani juu ya Chelyabinsk, Urusi. Picha zilizosambaa zilitoka kwenye vioo vya magari ya watu waliokuwa wakienda kazini. Warusi hawakuwa wamezifunga ili kutazama anga. Walizifunga kwa sababu ya madai ya uongo ya ajali na mabishano barabarani, yaani kwa sababu ambazo dereva wa njia ya Rusumo angezielewa bila mkalimani.

Sasa tuingie kwenye waya. Jambo la kwanza ambalo mnunuzi wa kamera husahau ni kwamba lori si gari dogo. Gari dogo lina volti 12. Scania, Volvo, Actros, HOWO au FAW lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, na umeme wake ni volti 24; injini ikiwaka na altaneta ikichaji, unafika karibu 28. Kamera yenyewe hula volti 5 tu. Kati ya hizo 28 na hizo 5 hukaa kiboksi kidogo cha kushushia umeme, kinachouzwa pamoja na nyaya za kufungia. Kisome maandishi. Kikiandikwa 12V peke yake, kitanuka moshi siku hiyohiyo. Kinachofaa lori kimeandikwa 12–24V, na bora zaidi kile kinachovumilia volti 30 na zaidi, maana umeme wa lori hurukaruka.

Wapo mafundi ambao, wakiletewa kiboksi cha volti 12, hupata ujanja: wanachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Kamera inawaka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Kinachofuata hakionekani siku hiyo. Betri moja inatumika kuliko mwenzake, ilhali altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja; ile iliyochoka haijai, ile nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zimekufa. Tajiri analaumu betri za siku hizi.

Kwa nini basi boksi la fyuzi, na si betri moja kwa moja? Sababu ya wazi ni ulinzi: waya unaotoka betrini bila fyuzi ukichubuka na kugusa chuma, ni shoti isiyo na kitu cha kuikata, na shoti hiyo haikomi mpaka kitu kiungue. Ila kwenye lori ipo sababu nyingine ambayo maelekezo ya kamera za magari madogo hayaitaji. Kebini ya lori hupinduliwa mbele ili fundi afikie injini, na betri ziko chini kwenye chesisi. Waya wa kienyeji uliovutwa kutoka betrini hadi kiooni unapita kwenye bawaba ya kebini, na siku ya kuipindua utabanwa au kukatika. Boksi la fyuzi limo ndani ya kebini. Waya wote unabaki humohumo.

Kwenye malori mengi boksi hilo liko upande wa abiria, chini ya mfuniko wa dashibodi. Mfuniko wenyewe ndio wenye ramani ya fyuzi, na kwa lori lililokwishatembea Ulaya kwa miaka kumi kabla ya kuja kwetu, mara nyingi umepotea, au ramani yake imeandikwa Kijerumani. Hapo ndipo fundi anatofautiana na fundi. Mmoja anakisia. Mwingine anatoa mita, anapima fyuzi mojamoja, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa. Anatafuta fyuzi mbili: moja yenye umeme saa zote, na nyingine inayopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Afadhali mita kuliko testa ya taa, kwa kuwa lori la kisasa limejaa kompyuta, na testa ya taa ikigusa waya wa kompyuta huvuta umeme mwingi kuliko waya huo unavyostahimili.

Zipo fyuzi za kuachwa kama zilivyo: za breki za ABS, za kompyuta ya injini, za taa za breki, za usukani, za kile kifaa cha kurekodia mwendo kilichokuja na lori kutoka Ulaya. Hata kama ndizo zilizo karibu na mkono. Redio inafaa. Taa ya ndani ya kebini inafaa. Kitu ambacho kikizimika ghafla kwenye mteremko hakuna atakayekufa.

Ukishazipata, usichune waya wa gari ukauzungushia wa kamera na kufunga selotepu. Kuna kipande kidogo cha kuongezea fyuzi: kina miguu miwili kama ya fyuzi ya kawaida, mgongoni kina nafasi mbili, na pembeni mkia wa waya. Fyuzi ya zamani inahamia kwenye nafasi moja, fyuzi mpya ya kamera, ya ampea 2 au 3, inakaa kwenye ya pili. Kinauzwa kwa saizi tofauti kwa sababu fyuzi nazo ni za saizi tofauti, kwa hiyo chomoa yako uende nayo dukani. Kisha kuna siri ndogo ambayo hata mafundi wazuri huipuuza. Kipande hiki kina mguu wa kuingizia umeme na mguu wa kuutolea. Chomoa fyuzi, pima lile tundu, ujue ni upande gani wenye umeme, na mguu wa kuingizia ukae upande huo. Ukikigeuza, kamera itawaka vilevile, ila umeme wake utakuwa unapitia fyuzi ya zamani pia, na siku redio ikiunguza fyuzi, kamera inakufa nayo.

Rangi za fyuzi ni lugha ya dunia nzima: nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fundi anayeng'oa nyekundu iliyoungua akaweka kijani kwa sababu nyekundu zimekwisha hajatengeneza kitu. Ameuambia waya mwembamba ubebe mzigo wa waya mnene. Na yule anayefunga kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi kabisa. Lori linaloungua usiku kwa hitilafu ya umeme mara nyingi lina historia ya namna hii ndani ya dashibodi yake. Kwa matenki ya mafuta, ambayo hupita njia hii kila siku kwenda Rwanda na Burundi, sina ushauri wa fundi wa kando ya barabara hata kidogo. Wayaringi wa tenki una masharti yake ya usalama, na kazi hiyo ifanywe kwenye gereji inayoyajua.

Kiboksi cha kamera kwa kawaida kina nyaya tatu. Mweusi ni wa ethi: unafungwa kwenye bolti ya chuma kitupu cha kebini, rangi ikiwa imekwanguliwa, si kwenye bolti yoyote iliyo karibu. Mwekundu mara nyingi huenda kwenye fyuzi ya ufunguo. Wa njano mara nyingi ndio wa umeme wa saa zote. Nasema mara nyingi kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana kuhusu rangi, na karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi ndiyo ya kuaminiwa. Kazi ya mwekundu ni kuiambia kamera kwamba gari limewashwa, irekodi kila kitu. Mwekundu ukikosa umeme na wa njano ukabaki nao, kamera inajua gari limeegeshwa, na inaingia kwenye hali ya kungoja: inarekodi kitu kikisogea mbele yake au gari likitikiswa.

Swali ambalo kila tajiri huuliza hapa ni betri. Je, kamera haitainyonya mpaka lori ligome kuwaka? Tupige hesabu badala ya kuogopa. Kamera ya kawaida hutumia wati 4 hivi. Kwa volti 24, ukiongeza kinachopotea kwenye kiboksi, hiyo ni kama ampea 0.2. Usiku wa saa kumi ni ampea-saa 2. Betri mbili za ampea-saa 150, zikiwa nzima, zikae siku tatu kwenye foleni ya mpaka wa Burundi, Kobero, bila injini kuwashwa, kamera itakuwa imekula kama 14, chini ya sehemu moja ya kumi. Gari dogo lenye betri ya 45 litaumia kwa kiasi hicho, lori halitaumia. Lori likigoma alfajiri, angalia kwanza redio inayofunguliwa usiku kucha, friji ya kebini, na umri wa betri zenyewe. Kamera husingiziwa kwa sababu ndiyo ngeni.

Hata hivyo kiboksi kizuri kina kinga: kinapima volti, na zikishuka chini ya kiwango ulichochagua, kinaizima kamera. Kwa lori chagua kiwango cha juu, karibu volti 24.4, hasa betri zikiwa si mpya. Hapo betri inabaki na karibu nusu ya nguvu yake, inayotosha kuwasha injini. Wapo wanaochagua kiwango cha chini kabisa ili kamera ikae macho muda mrefu. Betri ya lori ni ghali kuliko kamera nyingi. Na kama lori lina swichi kuu ya betri, na dereva ana mazoea ya kuizima kila anapolala, basi ajue kwamba kamera nayo inakatika.

Kuna mambo ambayo waya hautayatibu. Kamera ya kioo cha mbele haioni tenki la dizeli. Tenki liko ubavuni, na mwizi wa dizeli anakuja kwa ubavuni. Anayetaka kulilinda tenki anahitaji jicho la pembeni, na hapo nyaya zinaongezeka na bei inapanda. Joto nalo ni adui: kebini iliyoegeshwa juani huchemka, na kamera yenye kibetri cha ndani huvimba; tafuta yenye kapasita. Kadi ya kumbukumbu ya kawaida ya simu haistahimili kuandikwa na kufutwa mchana na usiku. Kwa picha za ubora wa kawaida, kadi ya GB 128 hubeba takriban saa ishirini kisha kamera inaanza kufuta za zamani. Kwa hiyo dereva aliyegongwa Ngara akaamua kwamba picha atazitoa akirudi Dar es Salaam atakuta barabara ya Singida.

Saa, pia. Tanzania iko saa moja mbele ya Rwanda na Burundi. Ukivuka Rusumo saa nane mchana, upande wa pili ni saa saba. Kamera yenye GPS inaweza kujibadilisha yenyewe, isiyo nayo haijui kama imevuka. Chagua saa ya Tanzania, iache hivyo safari nzima, na andika kwenye daftari la safari kwamba ndivyo ulivyofanya, maana picha ya ajali yenye saa isiyolingana na ripoti ya polisi ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Na kule ng'ambo magari yanapita kulia. Dereva wa lori lenye usukani wa kulia, akitaka kulipita gari jingine huko, haoni kinachokuja mpaka kebini nzima imeingia upande wa wenzake. Ajali za namna hiyo zina mabishano mengi, na picha huyapunguza.

Sasa lile nililoahidi kulifikia, la waya wa njano.

Kuuunganisha waya huo ni kuamua kwamba kamera itakuwa macho dereva akiwa amelala. Kamera yenye jicho moja linalotazama nje haina neno. Lakini siku hizi matajiri wengi hununua za macho mawili, moja la nje na moja la ndani, na nyingi zina kinasa sauti. Kebini ya lori la safari ndefu ndiyo chumba cha kulala cha mtu. Ndimo anamobadilisha nguo, anamoongea na mke wake kwa simu, anamosali, anamouguza malaria. Ukifunga waya wa njano kwenye kamera ya macho mawili bila kumwambia, umeweka kamera chumbani kwa mtu. Na mara nyingi ndivyo inavyofanyika: lori linaingia gereji dereva akiwa mapumzikoni, linatoka na kamera, naye anaikuta kama anavyokuta kiti kipya.

Sheria imekwishalisemea jambo hili kwa ujumla wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Picha na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Anayezikusanya anatakiwa awe na sababu halali, amjulishe mhusika, na asizitumie kwa jambo jingine. Kwa lugha ya gereji: mwambie dereva kamera inaona nini, inasikia nini, na inaendelea mpaka saa ngapi. Jicho la ndani lizimwe gari likiegeshwa. Kamera nyingi zina mpangilio huo kwenye menyu, au jicho la ndani huchomolewa waya wake tu. Tajiri atakayesema dereva mwaminifu hana cha kuficha, namshauri alale wiki moja mbele ya kamera hiyo.

Wajerumani walibishana sana juu ya hili. Mei 2018 mahakama yao ya juu ya madai ilisema kwamba kurekodi barabara mfululizo bila sababu kunavunja sheria ya taarifa binafsi, na papo hapo ikasema picha hizo zinaweza kupokelewa mahakamani katika kesi ya ajali. Naona kuna hekima humo: ushahidi ni jambo moja, na uhuru wa kumrekodi kila mtu ni jambo jingine. Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, na inaitaka mahakama iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyolindwa usichezewe. Hapo wengi huharibu. Wanakata kipande, wanakirusha WhatsApp, kinapunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake za asili, halafu kadi inarudishwa kwenye kamera na kuandikwa upya. Ukipata ajali, toa kadi, iweke kwenye bahasha, andika tarehe na namba ya gari, weka kadi nyingine.

Na hiyo kadi ni ya nani? Hapa ndipo madereva wananung'unika, na nadhani wana haki. Picha ikimwonyesha dereva ana kosa, inamfikia tajiri haraka. Ikimwonyesha hana kosa, inakaa ofisini, na yeye anabaki rumande Ngara au Biharamulo akingojea mtu wa Dar es Salaam apokee simu. Chombo kinachotazama upande mmoja hivyo kitachomolewa tu. Tuliyaona kwenye mabasi, ambako vifaa vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya kufuatilia mwendo vilichezewa hadi mamlaka ikalazimika kuwaadhibu wahusika. Waya uliofichwa kwenye boksi la fyuzi ni mgumu kuung'oa kuliko plagi ya soketi, lakini dereva aliyeamua ataung'oa.

Kwa hiyo wamiliki wa malori, kabla fundi hajafungua mfuniko wa fyuzi, muiteni dereva asimame pale. Aone waya upi unakwenda wapi, na fyuzi ya kamera iko nafasi ya ngapi, ili ikiungua Nemba saa tano usiku aibadilishe mwenyewe. Andikeni kwenye mkataba wake kwamba jicho la ndani hulala gari likiegeshwa, na kwamba ana haki ya kupata nakala ya picha za ajali siku hiyohiyo. Mpeni kadi ya akiba. Nawe dereva uliyekwishafungiwa, jioni ya leo zima injini, toa ufunguo, hesabu dakika mbili, kisha pitisha mkono mbele ya kioo. Taa ndogo ya kamera isipowaka, huna shahidi. Mrudie fundi kabla hujapakia.